Kwa nini seli ilichelewa kufahamika

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Huku nyumbani sote tu wazima. Juzi kwenye simu uliniuliza: ikiwa Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, aliiona seli mwaka 1665, mbona wataalamu walingoja hadi 1839 ndipo waseme kwamba mimea na wanyama wote wameundwa kwa seli?

Kwanza, alichokata Hooke ni kizibo, gome lililokwisha kufa. Aliona kuta tu, ndani mtupu. Aliyeona viumbe hai ni Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi. Lenzi moja ndogo aliyoitengeneza mwenyewe ilikuza vitu zaidi ya mara 200. Alitazama maji ya ziwa, akatazama hata utando wa meno yake, kote akakuta vidudu vikiogelea. Lakini siri ya lenzi zake hakumpa mtu, na alipofariki mwaka 1723 alikwenda nayo.

Hadubini za lenzi kadhaa zilizokuwepo zilikuwa na ila kubwa. Kioo hupinda kila rangi ya mwanga kwa kiasi chake, kwa hivyo kila kitu kilizungukwa na ukungu wa rangirangi. Ukikuza kitu, na ukungu nao unakua. Watu makini kabisa walichora vipira ndani ya nyama ya mwili ambavyo havikuwepo. Miaka mingi ilipotelea hapo. Mwaka 1830 Joseph Jackson Lister, muuza mvinyo wa Uingereza, alichapisha njia ya kupanga lenzi ili ila hizo zipungue. Mimi namheshimu kuliko wengi wanaosifiwa vitabuni. Haikutimia miaka kumi, Schleiden, mtaalamu wa Ujerumani, akasema mimea imeundwa kwa seli, kisha mwenzake Schwann akasema hivyo juu ya wanyama.

Ila lenzi nzuri peke yake haitoshi, na hili nimelishika kwa mikono yangu miaka yote ya maabara. Damu ya mtoto mwenye homa, ukiitandaza kwenye slaidi bila rangi, utaona chembe zilizofifia tu. Itie rangi iitwayo Giemsa, isuuze, iache ikauke, dondosha mafuta, shusha lenzi inayokuza mara mia. Ndani ya chembe ya damu kinajitokeza kipete cha buluu chenye nukta nyekundu. Hiyo ndiyo malaria, mwanangu. Kimelea kilikuwepo tangu mwanzo, kilikosa rangi ya kukitenga na vilivyokizunguka. Kwa rangi za viwandani vilevile Walther Flemming, mtaalamu wa Ujerumani, alizifuata nyuzi za kiini cha seli zikigawanyika, akachapisha kazi yake mwaka 1882.

Halafu mwanga wenyewe ukafika kikomo. Ernst Abbe, mwanafizikia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1873 kwamba vitu viwili vikikaribiana chini ya milimita 0.0002 hivi, mwanga hauwezi kuvitenganisha, hata lenzi iwe safi vipi. Ndiyo maana wahandisi Ruska na Knoll, mwaka 1931 huko Berlin, wakatumia elektroni, chembe ndogo mno za umeme, badala ya mwanga. Mwaka 1945 ikachapishwa picha ya kwanza ya seli nzima kwa elektroni, na mambo ya ndani ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakaanza kujitokeza. Bei yake ni kwamba seli hukaushwa na kuwekwa mahali pasipo hewa, haibaki hai.

Kikomo cha Abbe nacho kimepatiwa njia. Mwanasayansi Stefan Hell alimulika rangi ing'aayo ndani ya seli kwa mwale mmoja wa mwanga, akatumia mwale wa pili kuzima mng'ao wa pembeni, kikabaki kitone cha katikati tu. Yeye na wenzake Betzig na Moerner walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2014, na sasa seli hai inatazamwa kwa undani ambao Abbe hakuutarajia.

Babako anakusalimu. Ukiwa na swali jingine, niulize.

Mamako