Ukoka na Marchantia si jamaa moja

Ndugu, umeuliza kama Marchantia, ule mmea mdogo wa kijani unaolala chini kama utando, ni aina ya ukoka. Hapana, si aina ya ukoka, hata kama vyote viwili vinatambaa kwenye parseli moja hapo Bukavu. Ukoka (Cynodon dactylon) una mizizi ya kweli, mishipa ya kupitisha maji, maua na mbegu. Marchantia polymorpha haina hata kimoja: ule utando wa kijani uliolala chini ndio mwili wenyewe, na vinyweleo vya upande wa chini vinaushikilia kwenye udongo au simenti. Inatoa spora (chembe za uzazi laini kama vumbi), lakini kinachojaza ua haraka ni vile vikombe vidogo vilivyo juu yake. Tone la mvua likiangukia humo, chembe za kijani zinaruka, na kila moja inaweza kuwa mmea mpya. Vikombe vinaonekana kwa macho tu. Angalia umbo lakini: vya Marchantia ni duara, vikiwa nusu duara kama mwezi mchanga, hiyo ni Lunularia, mmea mwingine unaofanana nayo.

Ndiyo maana kuviondoa hakufanani. Ukoka chimba mpaka vishina vya chini ya ardhi vitoke vyote, maana kipande chenye kifundo kimoja kinachipua tena. Marchantia usiilimie jembe. Ikwangue kiangazi ikiwa kavu, ukusanye mabaki yote. Ukiikwangua na maji yake unatawanya chembe. Halafu fungulia maji njia na upunguze kivuli, la sivyo mvua zikianza itarudi palepale.