Njia ya msituni yenye mabwawa na vinu vya zamani: anza bondeni, fuata maji

Ndugu mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili. Umepata njia ya kilomita 16 inayokatiza msitu, ikipita kando ya mabwawa kadhaa na vinu vitatu vya maji vilivyoachwa siku nyingi. Unauliza kama mtu asiyezoea mwendo mrefu ataimudu, kama unaweza kwenda na binti yako wa miaka 9, na kama huko kuna cha kuona zaidi ya magofu. Njia za namna hii nimezitembea kwa miaka mingi, kiangazi na masika, mara nyingi peke yangu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Nianze na magofu, maana hapo ndipo wengi wanapokosa uhondo. Safari yangu ya kwanza nilikipita kinu bila kujua. Niliona ukuta wa mawe uliomezwa na mimea, na shimo refu lililojaa majani makavu, nikasonga mbele. Nilikuwa natafuta gurudumu. Kumbe gurudumu ndilo hutangulia kupotea: la mbao linaoza, la chuma linauzwa. Mara ya pili nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya ukuta uleule anapumzika. Nikamwambia nimeambiwa hapa kuna kinu lakini sikioni. Akaniuliza, "Maji yalikuwa yanaingilia wapi?" Tangu siku hiyo sijatembea tena kama zamani.

Kinu ninachosema si kile cha kutwangia. Ni jengo la kusagia nafaka kwa nguvu ya maji, na ili kifanye kazi vizuri maji yanatakiwa yaanguke kutoka juu. Mto wa kawaida hushuka polepole mno, hauna maporomoko pale unapoyataka. Wajenzi walifanya hivi: walipanda juu kidogo, wakaukinga mto kwa tuta, wakapata bwawa. Kutoka bwawani wakachimba mfereji unaopita ubavuni mwa kilima karibu usawa kabisa, huku mto wenyewe ukiendelea kushuka bondeni. Kila hatua unayokwenda, mfereji unazidi kuwa juu ya mto. Tofauti hiyo inapokuwa kubwa ya kutosha kuzungusha gurudumu, hapo ndipo kinu kinajengwa.

Bwawa nalo lilikuwa ghala. Kijito kidogo hakina maji ya kusagia kutwa nzima, kwa hiyo usiku lango la maji lilifungwa bwawa lijae, asubuhi likafunguliwa kazi ianze. Msitu ulitoa mbao za gurudumu, za lango na za meno ya mtambo, na mizizi ya miti iliushika udongo wa mteremkoni usije ukalijaza bwawa tope. Ukishaelewa hivyo, hizo kilomita 16 zako zinakuwa kama mashine moja iliyotandazwa porini, nawe unapita ndani yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: anza upande wa chini, halafu panda ukiyafuata maji yanakotoka. Wengi huanzia juu kwa kuwa kushuka ni rahisi, lakini ukishuka unakutana na majibu kabla ya maswali. Ukianzia kinuni, simama uliko ukuta mrefu ulio karibu na mto, uangalie juu ya kilima. Utaona mstari kama njia pana iliyolala usawa, pengine imeota miti katikati. Huo ni mfereji uliokauka. Ufuate, utakupeleka mpaka kwenye tuta la bwawa.

Kabla hujaondoka kinuni, chungulia lile shimo la gurudumu kwa uangalifu, bila kuegemea mawe yaliyolegea. Katika kinu kimoja nilifuta ukungu ukutani kwa kiganja nikakuta mikwaruzo ya duara, imechongwa na gurudumu lenyewe lililokuwa likigusa jiwe kila lilipozunguka. Nilipoifuata mikwaruzo hiyo kwa kidole niliweza kukadiria ukubwa wa gurudumu ambalo halipo tena. Angalia pia mfereji ulifika kwa urefu gani. Ukiishia juu, maji yalimwagwa juu ya gurudumu, na uzito wake kwenye visanduku vilivyozunguka gurudumu ndio uliolisukuma. Ukipita chini, maji yalipiga makasia ya chini kwa kasi tu. Mhandisi Mwingereza John Smeaton alilipima jambo hili kwa mfano mdogo wa gurudumu na kutangaza matokeo mwaka 1759: kwa maji yaleyale, gurudumu la kumwagiwa juu hutoa karibu mara mbili ya nguvu ya lile la kusukumwa chini. Ndiyo maana penye kijito kidogo utakuta watu walihangaika kuchimba mfereji mrefu hivyo. Walikuwa wanalipia tofauti hiyo kwa jasho.

Usiyapite mawe ya kusagia. Mara nyingi yamelazwa mlangoni kama kizingiti au yameegemezwa ukutani. Kila jiwe lina tundu katikati na mifuo iliyochongwa kuelekea ukingoni. Yalifanya kazi mawili mawili: la chini limetulia, la juu linazunguka, nafaka inaingilia tundu la jiwe la juu na unga unatokea pembeni. Mifuo ya juu na ya chini ilipokutana ilikata kama makali ya mkasi. Ilikuwa ikilika, na msagaji alilazimika kuliinua jiwe zima na kuichonga upya mara kwa mara kwa nyundo. Pitisha kidole kwenye mfuo mmoja: ubavu mmoja umesimama wima, wa pili unapanda taratibu. Nilipoligundua hilo nilikaa pale karibu nusu saa.

Njia zenyewe pia zina maelezo. Nafaka ni nzito, na mtu alitakiwa aende kinuni na kurudi siku hiyohiyo, kwa hiyo vinu vilijengwa vingi na karibu karibu. Orodha kubwa ya mali iliyoandikwa Uingereza mwaka 1086 ilihesabu vinu zaidi ya 5,000. Njia nyingi za miguu zinakutana kinuni kwa sababu hiyo, na nyingine zina mwinuko wa pole kwa sababu zilikanyagwa na watu na wanyama waliobeba mizigo. Ukiona njia ya zamani inazunguka kilima badala ya kukikwea, jua ilikuwa ya mzigo.

Sasa mwendo. Kanuni ninayoitumia ni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 16 zenye mita 300 za kupanda zinakupa saa 3 na dakika 40 hivi. Hiyo ni kwa mtu mwenye pumzi, hasimami. Mtu anayeanza, anayetaka kuona, ahesabu saa 6 mpaka 7.

Mimi niliwahi kupiga hesabu ya saa 4. Nilipofika bwawa la mwisho nikakuta tuta limebomoka, na njia ilipita juu ya tuta hilo. Ramani ilionyesha maji, mbele yangu palikuwa na tope na matete yanayonizidi kimo. Nilizunguka kupitia msituni kwa zaidi ya saa moja na giza likanikuta nikiwa na simu iliyobaki na chaji asilimia 6. Niliogopa kweli. Tangu hapo nabeba tochi na ramani ya karatasi, naacha ujumbe kwa mtu nyumbani, na napanga saa ya kugeuza kabla sijatoka. Saa hiyo ikifika nageuza hata kama bwawa liko nyuma ya kona.

Alama za njia zizingatie. Nchi nyingi hupaka rangi mitini au kwenye mawe, na katika baadhi ya mifumo, kama wa Ufaransa, alama ya X inamaanisha umeingia njia isiyo yako. Ukitembea robo saa bila kuona alama, rudi mpaka uione ya mwisho, usikisie.

Kwenye mabwawa nitakuwa mkali kidogo. Usiogelee, na binti asikae karibu na lango la maji wala mahali maji ya ziada yanapomwagikia. Maji yakiporomoka kwenye ukuta mfupi hujizungusha chini yake na kumrudisha mtu ndani, hata pakionekana patulivu. Chini ya bwawa la zamani pana tope linaloshika mguu. Ukiona juu ya maji utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, usiyaguse maji hayo na usiyanywe hata baada ya kuyachemsha, kwa sababu sumu ya mwani huo haiondolewi na moto. Na katika nchi za joto kuna kichocho. Beba maji yako.

Kupe wanapenda nyasi za kando ya njia. Vaa suruali ndefu, jikagueni jioni, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele. Ukimkuta amejikita, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Doa jekundu likianza kutanuka siku au wiki zinazofuata, au homa ikija, nenda hospitali useme uliumwa na kupe.

Kuhusu binti: kilomita 16 kwa mara ya kwanza ni nyingi. Chagueni kipande cha kutoka kinu cha kwanza mpaka bwawa la kwanza, kwenda na kurudi kisizidi kilomita 8, na umwachie yeye kazi ya kutafuta alama. Mpwa wangu nilimpeleka akiwa na umri huohuo, kwenye mfereji ambao bado una maji. Alidondosha jani pale langoni akaanza kutembea nalo sambamba. Jani lilikwenda polepole, halikuharakisha wala kusimama, huku chini yetu mto ukizidi kuzama bondeni na kelele zake zikizidi kuwa mbali. Tulipofika ukutani jani likapinda ukingoni likaanguka. Akainama kutazama lilipoangukia, akaniuliza kwa nini ghafla tumekuwa juu hivi ilhali hatukupanda mlima.