Kompyuta kwa Masikio: "Inaongea" haitoshi

Barua nyingi za mwezi huu ni za kuhama kutoka Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake mna barua za wengine wengi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Uraia kwenye sekondari moja mkoani Morogoro, na sioni kabisa tangu utotoni. Kazi zangu zote, yaani kutunga mitihani, alama za Excel na barua pepe, nafanya kwa NVDA, kisoma skrini kinachonitamkia kilichomo kwenye kompyuta, kwenye Windows 10. Shule imeletewa kompyuta mpya zenye Windows 11. Fundi ameweka NVDA, ikasema, akaniambia, "Mwalimu, inaongea, mambo safi." Sasa anataka kuichukua ile ya zamani aifute, apewe karani. Lakini nikiigusa hii mpya najiona mgeni. Nimwambie nini, na naipimaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kabla ya lolote, mwambie fundi aiache ile ya zamani palepale ilipo, na kila kilichomo ndani, mpaka wewe useme umeridhika. Siyo yeye aseme. Fundi akisikia sauti kwenye spika anaona kazi imekwisha, lakini atakayebaki na mashine hiyo saa nne usiku, kesho yake alama zinatakiwa, ni wewe. Mimi pia sioni, nafundisha wasioona kompyuta hapa Tanga, na hilo neno "inaongea" mafundi wameniambia mpaka limenichosha. Redio nayo inaongea.

Tuelewane kwanza NVDA inafanya nini. Haiitazami skrini. Inaiuliza Windows, na programu uliyofungua: hapa tulipo pana kitu gani, kinaitwaje, kiko katika hali gani? Ikijibiwa "kitufe, Save", ndicho unachosikia. Aliyetengeneza programu asipokipa kitufe jina, utasikia neno kitufe peke yake, hata kama mwenye macho anaona picha nzuri kabisa ya diski. Kwa hiyo mfumo ukibadilika, vitu vinahama mahali na majibu yenyewe yanaweza kubadilika, japo sauti ni ileile uliyoizoea. Ugeni wako unatoka hapo, usijilaumu.

Sasa kupima. Usipime kwa kuzungukazunguka kwenye menyu ya Start ukisikiliza majina ya programu. Chukua kazi yako halisi, mwanzo hadi mwisho: fungua karatasi ya alama za darasa moja, ingiza alama, tafuta wastani, hifadhi kwenye flashi, chomoa flashi kwa usalama, kisha ambatisha faili kwenye barua pepe na ujitumie mwenyewe. Halafu ingia kwenye mfumo wa mtandaoni ambao shule inajazia alama, kama upo. Ifanye kwanza kwenye mashine ya zamani, kisha kwenye mpya, kwa vitufe vilevile. Kila vidole vinapokwama, andika mambo manne: nilikuwa wapi, nilibonyeza nini, nilitegemea kusikia nini, nimesikia nini. Ukimpelekea fundi maelezo hayo hana pa kukimbilia. Ukimwambia "haifanyi vizuri" atawasha, atazima, ataondoka.

Pa kukwama napajua, maana wanafunzi wangu hujikwaa palepale. Kwenye Windows 10 ulikuwa unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na A, unapata arifa na swichi za Wi-Fi mahali pamoja. Kwenye 11 wameviachanisha: A inafungua swichi, yaani Wi-Fi, Bluetooth, sauti na mwanga wa skrini, arifa zimehamia kitufe cha Windows na N, pamoja na kalenda. Ukitaka saa na tarehe huna haja ya kwenda huko kote. Insert na F12 zinakutajia saa, bonyeza mara mbili haraka upate tarehe. Chaji ya betri ni Insert, Shift na B.

Kwenye mafaili, ile safu pana ya juu ya File Explorer, uliyokuwa ukiifikia kwa Alt na mlolongo wa herufi, haipo tena. Kama ulikariri milolongo hiyo, isahau. Menyu ya kubofya kulia nayo imefupishwa, na mambo mengi yamesukumwa nyuma ya mstari wa mwisho unaoitwa "Show more options". Simama juu ya faili ubonyeze Shift na F10, utapata menyu ndefu ya zamani moja kwa moja. F2 bado inabadilisha jina la faili, na Control na C bado inanakili. Waliobaki na vitufe hivyo vya kale ndio wanaoteseka kidogo zaidi katika uhamaji huu, mimi nikiwemo.

Notepad uiangalie kwa makini ya pekee, wewe unayetunga mitihani. Ya Windows 11 ina vichupo, yaani maandishi kadhaa yaliyofunguliwa ndani ya dirisha moja, na ukiifunga kabla ya kuhifadhi haikuulizi kitu. Inakumbuka maandishi yako na kuyarudisha ikifunguliwa tena. Kwa kompyuta yako binafsi ni neema. Kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, ambayo wote mnaingia kwa akaunti moja, atakayefuata kufungua Notepad atayakuta maswali yako ya mtihani yanamsubiri. Mwenye macho angeona vichupo vimejipanga juu. Wewe usipovipitia kwa Control na Tab hutajua kama vipo. Ingia kwenye mipangilio ya Notepad yenyewe, uichague ianze upya kila inapofunguliwa.

Jambo jingine linalowatisha watu: sauti inakatika ghafla kabisa. Mara nyingi kumetokea kile kidirisha kinachouliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko kwenye kompyuta. Kama NVDA yako inaendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuwekwa ndani ya kompyuta, haina ruhusa ya kuingia hapo, na itanyamaza hadi kidirisha kiondoke. NVDA ya flashi inafaa sana kwa majaribio, kwa kuwa haigusi mipangilio ya mashine ya mtu. Ya kazi ya kila siku ni lazima iwekwe ndani, na uhakikishe inaanza kusema tangu skrini ya kuandika nywila.

Ukikuta mahali pananyamaza, usikimbilie kumlaumu yeyote. Zima NVDA kwa Insert na Q, kisha washa Narrator, ambayo huja na Windows yenyewe, kwa Control, kitufe cha Windows na Enter. Izime NVDA kwanza, la sivyo zote mbili zitasema kwa pamoja na hutaambulia neno. Rudi mahali palepale. Narrator nayo ikinyamaza au ikasema kitufe kisicho na jina, tatizo huenda ni la programu, na malalamiko yaende kwa walioiandika. Narrator ikisema vizuri, geukia NVDA yako. Washa tena NVDA, bonyeza Insert na Q, na katika orodha inayokuja chagua iwashwe upya bila nyongeza. Nyongeza, zile programu ndogondogo tunazobandika juu ya NVDA, ndizo zinazoleta balaa mara nyingi. Kila toleo la kwanza la mwaka, lile ambalo namba yake inaishia na .1, hubadilisha mambo ya ndani, na nyongeza ambayo aliyeitengeneza hajaifanyia marekebisho hufungiwa nje. Ukipewa mashine mpya yenye NVDA mpya, ukakuta nyongeza uliyoitegemea haipo, sababu ndiyo hiyo.

Fundi asipokuamini, ingia kwenye menyu ya NVDA kwa Insert na N, kisha Tools, ufungue Speech Viewer. Ni dirisha linaloandika kila neno ambalo NVDA inatamka. Mkalishe hapo. Mwambie aweke kipanya pembeni, na atume faili moja kwa barua pepe akisoma dirisha hilo tu. Nimewahi kumfanyia hivyo kijana mmoja wa ofisi fulani aliyeapa kwamba mfumo wao mpya wa malipo hauna kasoro. Dirisha lilijaa "button, button, button, button" mpaka akaguna. Wiki hiyohiyo aliandika barua kwa waliouza mfumo.

Ukimaliza kazi ya wiki nzima kwenye hiyo mpya bila kurudi kwenye ya zamani, mpe karani mashine yake.

SWALI: Naandika kutoka Mombasa. Uoni wangu ni hafifu na unazidi kupungua. Kompyuta yangu mpya yasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Mzungu, hata jina langu silitambui. Hakuna sauti ya Kiswahili?

JIBU: Ipo, bibie, na huenda tayari unayo. NVDA kwenye Windows 10 na 11 huanza na sauti za Windows zenyewe, na humo Kiswahili hakimo. Lakini NVDA inakuja pia na injini ya sauti iitwayo eSpeak NG, na ndani yake Kiswahili kimo. Bonyeza Insert, Control na S, chagua eSpeak NG, kisha Insert, Control na V utafute Swahili kwenye orodha ya sauti. Si sauti tamu, nakuambia mapema. Ni ya kimashine, yenye pua. Ila inatamka herufi zetu, haihitaji bando, na ukiizoea unaweza kuikimbiza kwa kasi ambayo wageni wako watadhani redio imeharibika.

Ukitaka sauti ya kibinadamu kwa kusoma gazeti au hadithi, fungua ukurasa kwenye Microsoft Edge, uwe na intaneti, ubonyeze Control, Shift na U. Kwenye orodha ya sauti wamo Zuri na Rafiki wa Kenya, na Rehema na Daudi wa Tanzania. Rehema nampenda mimi. Usidhani tu kwamba huyo ndiye msaidizi wako wa kompyuta: anasoma ukurasa uliofunguliwa, hakwambii uko kwenye kitufe gani wala menyu gani. Hiyo inabaki kazi ya NVDA.

Na kipimo cha sauti ya Kiswahili, nikupe changu. Andika "ng'ombe wa Ng'wanza hawangojei ngoma" ukiwa na ritifaa ya kawaida, ile alama ya juu baada ya ng, kisha ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe. Sauti ikisoma sawa mara zote mbili, kaa nayo. Ng'wanza ni utani wangu, naomba radhi kwa wa Mwanza.

SWALI: Mwalimu, laptopu yangu imekataa Windows 11, yasema haina sifa. Fundi hapa Bukoba anasema ataniwekea kwa njia ya mkato kwa elfu ishirini. Natumia kisoma skrini. Nikubali?

JIBU: Kaka, usikubali bado. Windows 11 inataka, pamoja na mengine, kichakataji cha Intel cha kizazi cha 8 au zaidi, au cha AMD cha rika hilo, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Njia ya mkato inaruka ukaguzi huo na mara nyingi mashine inawaka vizuri, lakini Microsoft haiahidi kukupa masasisho, na siku yatakapogoma huenda kisoma skrini kikawa cha kwanza kupotea, ukabaki umeshika kompyuta bubu.

Windows 10 yako ina mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026. Utaupata kwenye Settings, sehemu ya Windows Update, na NVDA inausoma bila shida. Jisajili, na hiyo elfu ishirini iweke kwenye akiba ya laptopu nyingine. Hata iliyotumika inafaa, ila kabla hujalipa, chomeka flashi yako yenye NVDA hapohapo dukani, vaa hedifoni, ufungue Word na kivinjari. Muuzaji akikuharakisha, nenda duka la pili.