Shaka si adui wa mazoezi yako

Wengi wakianza meditesheni wanadhani kuwa na shaka ni dalili kwamba imani haijakaa sawa, mimi naona tofauti kabisa. Wakalama, watu wa mji wa Kesaputta huko India ya kale, walimwambia Budha waziwazi kwamba wamechanganyikiwa, kila mwalimu anayepita kwao anasifia mafundisho yake na kuyaponda ya wenzake. Wala hakuwakemea, aliwaambia wana haki ya kuwa na mashaka, wasishike kitu kisa ni mapokeo au kisa aliyekisema ni mwalimu wao, ila wakijua wenyewe kwamba jambo fulani linaleta madhara na mateso basi waliache.

Lakini sasa, Budha huyohuyo aliiweka shaka kwenye vile vizuizi 5 vinavyozuia akili kutulia, pamoja na tamaa, chuki, uzito wenye usingizi na mahangaiko. Kwa hiyo zipo shaka za aina mbili, na kwangu kazi kubwa iko kwenye kuzitofautisha. Moja inauliza kitu unachoweza kukipima, mfano hivi kufuatilia pumzi kunanipunguzia hasira kweli? Hiyo poa, ipe muda, endelea kukaa kwenye meditesheni uone. Ya pili haitaki jibu, inataka uinuke tu. Mimi hunijia mapema nikishakaa, ghafla naanza kujiuliza labda Zen, lile tawi jingine la Ubudha, ingenifaa zaidi, labda hakuna kuzaliwa upya, labda mwalimu mwenyewe hajui anachosema, yaani maswali yanapandana na hakuna hata moja linalosubiri lijibiwe. Hapo sijibu. Nasema kimoyomoyo "shaka imekuja", naangalia imekaa wapi mwilini, mara nyingi kifua kinabana na taya zimekaza, halafu narudi kwenye pumzi. Swali la maana nitalikuta palepale nikimaliza.

Maoni tunayoyashikilia ndo magumu zaidi kuliko shaka, maana yenyewe hayaji kama usumbufu, yanakuja kama ukweli wenyewe. Kuna fundisho la Budha nalipenda sana hapa: ukiamini kitu sema "hivi ndivyo ninavyoamini", usirukie kusema hiki tu ndo kweli na mengine yote uongo. Ijaribu siku mkibishana kuhusu karma, ile imani kwamba matendo yako hukurudia, na mtu mnayefanya naye mazoezi, utaisikia kabisa sauti yako inavyotaka kupanda. Usijinyamazishe, sema unachoamini, kisha muulize yeye amefikaje kwenye msimamo wake na umwache amalize kuongea.