Kabla hujapanda mchicha nyuma ya nyumba

Tulipoipata nyumba tuliyoitaka hapa Uingereza, macho yangu yote yalikuwa kwenye bustani ya nyuma. Mkopo haujapita, mimi nimeshapanda mchicha kichwani. Kisha ripoti ya mwanasheria ikaja na mstari mmoja: zamani hapa palikuwa na kiwanda cha gesi.

Si gesi ya mitungi. Enzi hizo walikuwa wakiyachemsha makaa ya mawe kutoa gesi ya taa, na mabaki yake, lami na sayanidi, yakaishia ardhini.

Nikapekua daftari la halmashauri la ardhi iliyochafuliwa. Hatumo. Nikafurahi, bure kabisa. Daftari hilo linahusu maeneo yaliyokwisha kutangazwa rasmi chini ya Sehemu ya 2A ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya 1990, na tangu utaratibu huo uanze kazi mwaka 2000, yaliyotangazwa ni machache. Lazima halmashauri ionyeshe sumu ipo, ina njia ya kumfikia mtu au kitu kingine kinacholindwa, kama maji, na huyo mtu au kitu hicho kipo. Ardhi nyingi husafishwa kupitia kibali cha ujenzi: mjenzi anapima udongo, anausafisha kwa gharama yake, halmashauri inakagua ripoti.

Kwa hiyo ombeni faili la kibali, hasa ripoti ya uhakiki baada ya kusafisha. Andikeni barua pepe kwa afisa wa ardhi iliyochafuliwa wa halmashauri. Kanuni za taarifa za mazingira zinampa siku 20 za kazi kujibu. Msione haya kusumbua. Kule mji wa Corby, mwaka 2009, mahakama iliona halmashauri yenyewe ilifanya uzembe iliposafisha eneo la kiwanda cha chuma. Na jambo la mfukoni: aliyechafua asipopatikana, mzigo wa kusafisha unaweza kumwangukia mwenye nyumba. Hizo kampuni za gesi za karne iliyopita mtazitafuta wapi?

Faili letu lilikuwa na kurasa karibu 90, majedwali tu. Nilianzia mwisho. Iliandikwa: sentimeta 60 za udongo safi, chini yake kitambaa cha rangi ya chungwa: ukikiona, acha kuchimba. Mume wangu aliyekuwa na ndoto ya bwawa la samaki alinuna wiki nzima. Mchicha wangu uko kwenye masanduku ya mbao, juu ya ardhi, na unastawi.

Juzi jirani alikuwa anachimba mashimo ya nguzo za uzio. Nilimpelekea ukurasa wa 47 wa faili letu.