Masista wa Paris walivyokwepa sheria ya kufungiwa monasterini

Mkuu, umeuliza: kama Kanisa Katoliki liliwafungia watawa wa kike ndani, wale waliouguza maskini mitaani Paris miaka ya 1600 walipitia wapi?

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza mwaka 1563 kwamba watawa wa kike wasitoke monasterini bila idhini ya askofu. Mwaka 1566 Papa Pius V akakaza zaidi: aliyeweka nadhiri kuu, yaani ahadi rasmi ya maisha yote mbele ya Kanisa, lazima akae ndani ya ukuta. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea aina ya nadhiri. Mary Ward, Mwingereza, alianza shirika lake mwaka 1609 akifuata waziwazi mtindo wa Wajesuiti, shirika la watawa wa kiume, bila ukuta. Papa Urban VIII alilifuta mwaka 1631.

Vincent de Paul na Louise de Marillac, walioanzisha Mabinti wa Upendo, masista hao wa Paris, mwaka 1633, walikuwa waangalifu mno. Nadhiri za masista wao zikawa za faragha, za mwaka mmoja mmoja. Walivaa kama wanawake wa kijijini, wakaishi nyumba za kawaida, wakasali parokiani pamoja na waumini wengine. Kisheria hawakuwa watawa, hivyo amri ya ukuta haikuwahusu.

Kuna jambo jingine zito ambalo watu hulisahau: monasteri nyingi zilidai familia ya binti ilete fedha au mali ndipo apokelewe. Kwa Mabinti wa Upendo, hata binti wa mkulima aliingia. Njia hiyo ilifunguliwa na Marguerite Naseau, mchunga ng'ombe wa Suresnes, karibu na Paris, aliyejifundisha kusoma mwenyewe, akafariki 1633 kwa tauni baada ya kumuuguza mgonjwa.