Maswali ya Wasomaji: Ni Nini Kinachoitunza DNA ya Mitokondria?

SWALI: Nimesoma kuwa mitokondria, zinazoizalishia seli nishati, zina DNA iliyo nje ya kiini. Je, ni nini kinachoitunza DNA hiyo na kuiwezesha kufanya kazi?

JIBU: Kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, hufanywa na protini iitwayo TFAM, ambayo jeni yake, jambo la kustaajabisha, haimo ndani ya mitokondria bali katika kromosomu ya 10 ya kiini, protini hutengenezwa nje, kisha huingizwa humo. Kwa binadamu, DNA ya mitokondria ni duara la jozi 16,569 za besi (“herufi” za kikemia zinazounda DNA), lenye jeni 37. TFAM huifungasha katika vifurushi vidogo mno, na inapoishika mahali unakili wa jeni unapoanzia huipinda hadi ikageuka kama herufi U, ndipo kimeng'enya kinachonakili jeni kianze kazi. Kwa maoni yangu, la kuzingatiwa zaidi ni kiasi chake: ikipungua, nakala za DNA hupungua, ikizidi mno, DNA hubanwa hata jeni zisisomeke. Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba viinitete vya panya visivyo kabisa na TFAM hupoteza DNA ya mitokondria na kufa kabla ya kuzaliwa.